Sindano Iliyozama Siku ya Wazazi

Shangazi yangu alipofariki mwaka jana, mtu aliyelia kuliko sote hakuwa ndugu wala jirani. Alikuwa mama mmoja wa Kiduruma aliyefika Msambweni asubuhi kutoka pande za Kinango, kajitanda leso mpya, na chini ya leso mkufu wenye msalaba mdogo ambao ama alisahau kuuvua, ama hakuona sababu ya kuuvua. Akaketi mkekani katikati ya wanawake, akaitikia amina kila palipoitikiwa, na machozi yakamtoka bila sauti mpaka leso ikalowa. Binamu zangu wa Mombasa wakaanza kuulizana kwa macho. Mmoja akaninong'oneza, "Huyu ni nani?" Nikamjibu, "Mwalimu wetu wa sayansi." Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa saa. Mimi kazi yangu ni maneno. Nimeyasomea chuo kikuu, nayaandika magazetini, na wanangu husema nayatumia hata pasipohitajika. Siku ile, katika maneno yote niliyonayo, yalinijia hayo manne tu. Tangu hapo nimekuwa nikimjibu binamu yangu kichwani, na kwa kuwa kichwani haisikiki, naona afadhali niandike.

Kwa nini mwaka ule nilikuwa naishi kwa shangazi na si kwetu ni habari nyingine, na wahusika wake bado wako hai na wana simu. Yatosha kusema nilikuwa darasa la nane, na nyumba ya Bi Mwanasiti ilikuwa ya makuti, ina ukumbi mrefu wa saruji nyekundu niliyoisugua kila Jumamosi, vyumba huku na huku, na nyuma ua ambako ndiko maisha yalikokuwa hasa: jiko la mawe, mbuzi ya kukunia nazi, kisima chenye ukingo uliolika kwa kamba. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kilikuwa cha Mwalimu Mbeyu. Serikali ilikuwa haijaleta mwalimu wa sayansi, wazazi wakachoka kungoja, wakamwajiri wao wenyewe kupitia kamati ya shule. Alikuwa binti mdogo, ametoka chuoni juzi, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Aliyeajiriwa na wazazi huweza kuachishwa na wazazi, na hilo alilijua. Aliweka begi lake juu ya kabati kwa namna ambayo lingeweza kushushwa mara moja.

Kilichomshangaza shangazi tangu siku ya kwanza ni namna yule binti alivyotumia maji. Alikotoka, maji yalifuatwa bwawani, mwendo wa asubuhi nzima, na bwawa lenyewe lilikuwa na ng'ombe ndani. Kwa hiyo alikoga kwa kopo moja, akafua kwa karai moja, na yale ya kufulia akamwagia mche wa mpapai. Nilikuwa nikisikia mazungumzo yao kutoka chumbani kwangu, kwa kuwa kuta za nyumba ile zilificha sura tu.

"Mwanangu, kisima kile hakiendi popote. Koga."

"Nimekoga, mama."

"Umekoga, au umejipaka maji?"

"Nimekoga hata masikio, mama. Njoo utazame."

"Nikutazame masikio mimi, mtu mzima? Mwalimu gani huyu!"

Wakacheka wote wawili. Shangazi hakujaliwa mtoto, na sidhani nililisikia neno hilo likitamkwa mle ndani hata mara moja, lakini niliona namna alivyoanza kupika. Kabla ya Mwalimu kuja, tulikula wali wa nazi na samaki, na mboga ilikuwa jambo la bahati. Alipojua kwamba binti anapenda mchunga, yale majani machungu ambayo Wadigo na Waduruma wanayapenda sawasawa, akawa anautafuta mwenyewe pembezoni mwa shamba, anauchemsha, anamwaga maji ya uchungu, anautia nazi. Mwalimu akiula alifumba macho. Shangazi aliangalia pembeni, kama mtu asiyehusika na chakula kile.

Sasa nifike kwenye sindano. Darasa letu lilikuwa na madirisha yasiyo na vioo na ubao uliopauka katikati. Maabara ilikuwa neno la kitabuni. Siku hiyo Mwalimu aliingia na sahani ya bati, maji katika chupa ya soda, sindano ya kushonea, na kipande cha shashi, ile karatasi laini. Akamimina maji sahanini kwa uangalifu wake ule wa Kinango, bila tone kuanguka mezani. Akatuuliza sindano ni chuma au si chuma. Tukasema ni chuma. Chuma kikiwekwa majini? Kinazama. Akaidondosha, ikazama, tukafurahi kwamba tumepata. Kisha akaikausha kwa upindo wa gauni, akaweka kile kipande cha shashi juu ya maji, na juu ya shashi akalaza sindano, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesumbua. Shashi ikalowa, ikazama taratibu. Sindano ikabaki juu. Tulisogea wote mpaka madawati yakalia. Chini ya sindano maji yalikuwa yamebonyea kidogo, kama godoro chini ya mtu. "Maji yana ngozi," akasema. "Matone yanashikana. Yale ya ndani yana wenzao kila upande. Ya juu hayana mwenzao juu yao, basi yanawashika wa kando kwa nguvu zaidi." Rafiki yangu mmoja mwanafizikia huniambia maelezo hayo yana kasoro. Nimemwomba mara kadhaa asinieleze kasoro yenyewe.

Lakini mtu asisahau tulikuwa wapi. Kwetu, bakuli la maji ni chombo cha mganga. Ndimo anamotazama aliyekuibia kuku na aliyekufunga uzazi. Na sindano, sindano mtu haiombi kwa jirani jua likishatua. Vitu viwili hivyo vikikutana juu ya meza moja, na mezani amesimama mtu wa Kinango, ambako pwani nzima inaamini ndiko waganga wanakotoka, sayansi haina nafasi ya kupumua. Hamisi, aliyeketi nyuma yangu na asiyeweza kunyamazia jambo, alisimulia kwao. Kufikia magharibi, sindano yetu ilikuwa imefika sokoni, na humo njiani ilikuwa imeanza kuzunguka yenyewe na kuelekea nyumba ya mtu.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mzee Rashidi, alikuja nyumbani mwenyewe. Alikuwa mtu wa haki, mpole, mwenye vidole vinene vya kazi ya useremala, na aliogopa ugomvi kuliko alivyoogopa uganga. Alikaribishwa ukumbini, akanywa kahawa, akauliza habari za kisima, habari za mpapai, mpaka shangazi akachoka.

"Mzee Rashidi, sema lililokuleta."

"Bi Mwanasiti, mimi sisemi ni uganga. Nasema watu wanasema."

"Ni ngozi ya maji tu, mzee," akasema Mwalimu. "Mtu yeyote anaweza."

"Hapo ndipo penyewe, mwalimu. Kama ni elimu, itakubali mkono wowote. Kama inakubali mkono wako tu, basi." Hakumalizia. "Siku ya wazazi mtoto afanye mbele yetu, wewe usiguse. Ikielea, mimi nitasimama niseme huyu ni mwalimu wetu. Isipoelea, sitakuwa na la kuwaambia watu."

Nilichaguliwa mimi. Si kwa akili; kwa vidole. Nilizoea kumtungia shangazi asumini, na mkono wangu ulikuwa hautetemeki. Hata leo, ukiondoa kalamu, hicho ndicho kipaji changu cha pekee, na hakijaniitisha tena popote. Tukafanya mazoezi uani kila alasiri. Shangazi alikuna nazi huku anatutazama, na sindano ilipokaa juu ya maji, mkono wake nao ulisimama juu ya mbuzi.

"Ikikaa hivyo, atabaki?" aliniuliza siku moja Mwalimu alipoingia ndani.

"Atabaki, shangazi."

"Na isipokaa?"

"Atarudi kwao."

Akaendelea kukuna, kwa nguvu kuliko nazi ile ilivyohitaji.

Siku ya wazazi akina mama ndio waliopamba darasa, na shangazi ndiye aliyewaongoza. Alitoa kabatini bakuli lake la kioo, lile lililotoka siku za Idi tu. "Sahani ya bati mbele ya watu? Hata!" Akatandika meza kitambaa cha kufuma, akaweka bakuli katikati, akalijaza maji ya kisimani, akalifunika kwa kawa. Wageni walipoingia aliwapokea mlangoni na mrashi wake wa fedha, ule mdogo wenye shingo ndefu, akiwanyunyizia marashi viganjani kama maulidini. Darasa zima lilinukia waridi. Baba mmoja, mvuvi wa Kinondo mwenye mtoto darasa la nne, alinusa mikono yake akasema, "Leo tunaoza au tunasoma?" Watu wakacheka, na nikaona hata Mwalimu, aliyekuwa ameshika ukingo wa ubao, ametabasamu.

Nikaitwa. Nikaondoa kawa. Nikaweka shashi, nikalaza sindano, nikarudisha mkono kama nilivyofundishwa. Shashi ilizama upesi kuliko desturi yake, na sindano ikaenda nayo. Niliisikia ikigonga kioo. Nikafanya tena. Ikagonga tena. Wenzangu walianza kuninong'oneza maelekezo, kila mmoja lake, na Hamisi akasema kwa sauti, kana kwamba ni kazi ya mganga, "Huyu hakufunga saumu!" Mara ya tatu hata shashi sikuiona, nilikuwa nimeshaanza kulia.

Mwalimu akaja mezani. Hakugusa sindano, sharti alilikumbuka. Alichovya ncha ya kidole kwenye maji, akakipeleka puani kama mtu anayejikuna, akakishusha. Nilikuwa karibu, nikaona uso wake ukielewa kitu. Alitazama mlangoni, ambako shangazi alikuwa amesimama na mrashi mikononi, kisha akatazama chini.

"Mwalimu," akasema Mzee Rashidi, na sauti yake ilikuwa ya kumwombea, "kuna sababu? Maji ni maji. Elimu haikatai siku moja ikakubali siku nyingine. Kama kuna sababu, tuambie."

Mwalimu Mbeyu akasema, "Leo haikukubali, mzee. Sina la kusema."

"Jini wake hapendi marashi!" akasema yule baba wa Kinondo, na safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Mzee Rashidi akatangaza kamati itakaa Ijumaa baada ya sala.

Jioni ile tulikaa kula. Mwalimu alisifu mchuzi ambao hakuugusa, akaingia chumbani, na kupitia ukutani nikasikia begi likishushwa kabatini. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu hapo, zenye kuta nene, na nimesikia milango ikifungwa kwa hasira na kwa heri. Hakuna sauti iliyowahi kunikaa kama ile ya begi likiwekwa sakafuni kwa upole, mtu asije akasumbua watu.

Kesho yake, Mwalimu akiwa shuleni kwa vipindi alivyodhani ni vya mwisho, nami nimejiuguza tumbo nisikutane na Hamisi, shangazi aliniita uani. Alikuwa ameweka chini lile bakuli la kioo, na maji ndani yake. "Fanya," akasema. Nikafanya. Sindano ikaelea.

Alichuchumaa, akaitazama kwa muda mrefu. "Mkono ni huohuo. Bakuli ni hilohilo. Kisima ni hichohicho," alisema, si kwangu. "Kule kulikuwa na nini?" Nikamwambia sijui, labda macho ya watu. "Macho hayaingii majini," akajibu. Akaingia ndani, akarudi na mrashi, akanyunyiza mle bakulini, kidogo tu, kwa ule mkono wake wa harusini. Sindano ikazama.

Mimi, kwa kutaka kumwokoa, nikasema huenda ni matone yaliyoigonga. Shangazi akamwaga maji yote, akaosha bakuli, akaanza upya: maji safi, marashi kwanza, kisha akangoja yatulie, kisha akaniambia niweke. Ikazama. Maji mengine, safi, bila marashi. Ikaelea. Akarudia mwenyewe, kwa vidole vyake vilivyojaa makovu ya kisu na nazi, mpaka hapakuwa na pa kuponyokea. Halafu akaketi juu ya mbuzi, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyetoka msibani.

"Nilimwekea kwenye bakuli," akasema. "Kabla hawajaingia. Niliona haya, maji matupu mbele ya wageni. Nikasema na yenyewe yanukie." Kisha, baada ya kitambo: "Na yeye alijua?"

"Alinusa kidole, shangazi. Nilimwona."

"Akanitazama?"

"Akakutazama. Kisha akatazama chini."

Nilikuwa mtoto, nikauliza swali la kitoto: kwa nini basi hakusema? Shangazi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezama. "Aseme nini, mwanangu? Watu wamekuja kutafuta mganga, yeye asimame aseme kuna mtu ametia kitu majini? Ningetoka mle ndani na jina gani mimi?" Akajifuta uso kwa leso. "Amekubali kupoteza kazi nisije nikapoteza jina. Binti wa watu. Anayekoga kwa kopo."

Ijumaa, wanaume wa kamati walipokuwa wamekaa barazani kwa Mzee Rashidi baada ya sala, shangazi alitokea na bakuli, mrashi, na mimi nyuma yake. Nilikuwa nimeagizwa nibebe sindano, na niliibeba kwa mikono miwili. Alitoa salamu, akajibiwa, akaweka bakuli katikati yao pasipo kukaribishwa.

"Mimi ndiye niliyetia kitu kwenye maji," akasema.

Mzee mmoja akasogeza miguu yake mbali na bakuli.

"Usisogeze miguu, ni marashi!" shangazi akasema. "Nilitaka yanukie. Mzee Rashidi, mwite mkeo alete maji ya nyumbani mwako, nisiambiwe nimekuja na yangu."

Mke wa Mzee Rashidi alileta maji, na hakuondoka tena. Nikaweka sindano, ikaelea. Mkewe akajaribu, ikaelea, akapiga kelele ya furaha akajiziba mdomo. Shangazi akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe." Akasema vidole vyake si vya kazi hiyo. "Vidole vinavyochonga nakshi za milango havishindwi na sindano," mkewe akamwambia. Akajaribu akaizamisha. Akajaribu tena, ulimi umetokeza kando ya mdomo, baraza zima limeinama naye, hata yule mzee wa miguu. Shashi ikashuka. Sindano ikabaki juu, mbele ya Mzee Rashidi, mwenyekiti wa kamati, imelala kwenye kibonyeo chake kidogo.

"Basi mganga ni wewe," mtu akasema.

Mzee Rashidi hakucheka. Aliendelea kuitazama, na uso wake ukawa wa mtoto wa darasa letu. "Kumbe yana ngozi," akasema. Shangazi akainua mrashi, akanyunyiza, na sindano ikashuka mpaka chini. Mzee Rashidi akasimama kama alivyoahidi, akasema, "Yule ni mwalimu wetu."

Nimejaribu mara nyingi kueleza, katika makala nilizodhani ni za kina, ujasiri ni nini. Nimetumia mifano ya mbali. Sijui kwa nini nilizunguka kote huko, wakati nilimwona mwanamke mtu mzima akitembea mchana kweupe, njia nzima ya Msambweni, kwenda kuwaambia wanaume kwamba kilichoharibika kiliharibika kwa mkono wake, na akabeba vyombo vya kuthibitisha.

Tuliporudi, Mwalimu alikuwa chumbani na nguo zake zimekunjwa ndani ya begi, liko wazi kitandani. Shangazi alipita moja kwa moja uani. Alipika. Mwalimu alipoitwa kula, alikuja akaketi mkekani akiwa amevaa viatu vya safari, kisha akakumbuka, akavivua. Shangazi alimpakulia wali, akamwekea mchunga juu, akamwekea na kichwa cha samaki, ambacho katika nyumba ile hakikuwahi kwenda kwa mtu mwingine ila yeye mwenyewe.

"Ulijua," akasema.

Mwalimu hakuuliza alijua nini. "Nilijua, mama."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje?"

"Ungesema. Mimi ni mtu mzima, ningevumilia."

"Mimi nisingevumilia, mama."

Shangazi alishika mwiko bila kupakua. Nilitazama sahani yangu, kwa kuwa nilielewa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba kuna nyakati mtoto hutakiwa asiwepo. Mwishowe shangazi akasukuma bakuli la mchuzi upande wa Mwalimu.

"Kula," akasema. "Kisha utoe zile nguo kwenye begi, zisikunjamane. Jumatatu una darasa."